Uji wa Tisa kwa Sita kwa Mbili

Nimeifungua ndoo leo asubuhi. Ni ndoo ndogo ya plastiki, ile inayokuja dukani na rangi ya ukuta, imepauka mpaka huwezi kujua zamani ilikuwa nyeupe au ya maziwa. Mfuniko wake wa buluu una alama ya kuungua pembeni. Nilitoka nayo Choma, nyumbani kwa marehemu Baba, nikaipakata ndani ya basi mpaka hapa Tabora, na tangu hapo nimekuwa naipita jikoni kama mgeni ambaye sijui nimkaribishe vipi. Leo nimeifungua. Harufu iliyotoka mle ni ya mtama uliokaangwa, nyuma yake mahindi, na nyuma kabisa, kwa mbali, karanga. Nilikaa chini. 

Nilikuwa mtoto wa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa Ipuli, hapahapa Tabora, kwa Mama, chumba na sebule, ambako sauti ya cherehani ndiyo iliyoniamsha na ndiyo iliyonibembeleza. Mama alikuwa mshonaji. Alikuwa na kibaraza chake kule Mtendeni, na kazi ambazo hazikwisha mchana alirudi nazo nyumbani. Nyumba ya pili ilikuwa Choma, kwa Baba, huko Igunga, ambako kulikuwa na ng'ombe, pamba, na upepo usiokuwa na haraka ya kwenda popote. Babu alipofariki, Baba alirudi kule kushika boma. Mama hakwenda. Nimesimuliwa hivyo tangu utotoni, kwa sentensi hizohizo mbili, na hadi leo sijapata ya tatu.

Ipuli niliitwa Agnes. Choma niliitwa Minza, jina la bibi mzaa baba, ambaye naye aliniita wajina na kunitania kwamba nimemwibia jina lake ndiyo maana anasahau mambo. Mama alipomtaja Baba alisema Baba Agnes. Baba alipomtaja Mama alisema Mama Minza. Mgeni angewasikiliza angedhani wanazungumzia watu wawili wa familia tofauti, ambao watoto wao hawajawahi kuonana.

Shule zikifunguliwa nilikuwa Agnes, mtoto mkimya anayekula kwa kijiko na kuvaa soksi. Shule zikifungwa Mama alinipandisha basi la Nzega, kutoka hapo gari jingine, na kutoka hapo baiskeli ya Baba, nikiwa nimekaa nyuma na shavu langu mgongoni kwake, nikisikia anavyopumua. Mahali fulani katika safari ile Agnes alishuka na Minza akapanda. Sikuwahi kumwona akishuka. Nilichokuwa najua ni kwamba nikifika nilipiga magoti kwa kila mtu mzima, nikawaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikacheka kwa sauti kubwa ambayo Ipuli sikuwa nayo.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka Baba na Mama wakae nyumba moja. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona wazi kwamba kila mtu alikuwa anajua na kila mtu alikuwa ananyamaza.

Sasa, nyinyi wa umri wangu mtazikumbuka hesabu za mafumbo. Zilikuja mwishoni mwa karatasi, wakati kalamu imechoka na tumbo linauliza saa. Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Mwalimu Kulwa, mrefu, mwenye suruali iliyokuwa nyeupe kwa chaki kuanzia mfukoni kwenda chini. Alifundisha kipindi cha baada ya chakula, kipindi cha usingizi. Madirisha hayakuwa na vioo. Jua liliingia kwa mshazari, vumbi la chaki likawa linaelea ndani yake polepole, na mimi nilikuwa nalitazama lile vumbi nikiona kama nyota za mchana ambazo mwalimu mwenyewe alizitengeneza kwa kufuta ubao.

Siku hiyo aliandika ubaoni: Uwiano wa ng'ombe wa Masanja kwa ng'ombe wa Shija ni 2:3. Uwiano wa ng'ombe wa Shija kwa ng'ombe wa Jilala ni 4:5. Tafuta uwiano wa ng'ombe wa wote watatu.

Msichana niliyekaa naye dawati moja, Rehema, ambaye hakuwahi kuogopa mtu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini wasiulizwe tu wana ng'ombe wangapi?"

Mwalimu Kulwa aligeuka taratibu. "Rehema, wewe umewahi kumuuliza Msukuma ana ng'ombe wangapi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Muulize uone. Atakwambia anao wawili watatu tu wa maziwa, na nyuma yake zizi limejaa mpaka linataka kupasuka." Darasa zima lilicheka, hasa sisi wenye ndugu wafugaji. "Idadi haisemwi. Kwa hiyo tutawajua kwa uwiano. Haya, tazameni. Nani yuko mara mbili hapa?"

"Shija!"

"Shija. Kwa Masanja yeye ni tatu. Kwa Jilala yeye ni nne. Mtu mmoja huyohuyo! Anaweza kuwa tatu huku na nne kule?"

"Hawezi!"

"Ndiyo maana Masanja na Jilala hatuwezi kuwaweka pamoja. Tatizo si Masanja, wala si Jilala. Ni huyu wa kati, hajawa sawa. Tafuteni kigawe kidogo cha shirika cha tatu na nne."

Kumi na mbili. Akamfanya Shija kuwa kumi na mbili upande huu, akamfanya kumi na mbili upande ule, na Masanja akakua kuwa nane, na Jilala akakua kuwa kumi na tano. Kisha aliandika, kwa mkono mzuri wa walimu wa zamani, 8:12:15. Akapigia mstari chini yake.

"Mkimfanya wa kati awe sawa pande zote mbili," alisema, "wote watatu wanakaa mstari mmoja."

Mimi nilikuwa nimeacha kutazama vumbi. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa Rehema atausikia. Kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo rahisi namna hii? Tatizo halikuwa Baba. Wala halikuwa Mama. Mimi ndiye niliyekuwa mara mbili.

Nikaanza kujisawazisha. Nilianza na magoti. Jioni ileile mzee wa jirani, fundi wa redio, alipopita mlangoni kwetu Ipuli, nilipiga magoti mchangani nikamwamkia kama ninavyowaamkia watu wa Choma. Mzee alishtuka, akasema marahaba, marahaba, akachungulia ndani kuona kama kuna msiba. Mama aliacha cherehani.

"Agnes, umeanguka?"

"Hapana, Mama. Naamkia."

"Haya," alisema, akarudi kwenye kushona kwake, lakini ule mguu wake kwenye pedali haukuanza mara moja.

Likizo ilipofika niliipeleka Ipuli kule Choma. Nilivaa soksi ndani ya boma la ng'ombe. Niliomba kijiko nile ugali, na binamu zangu walicheka mpaka mmoja akajiviringisha chini. Nilisali kabla ya kula kwa sauti kama Mama, na Baba, ambaye kanisani alikwenda kwa nadra, alishika kofia yake mkononi akisubiri nimalize. Nilijitahidi kucheka kiasi. Sikutaka kucheka kidogo kama Ipuli wala sana kama Choma, nilitaka cha katikati. Ni kazi ngumu kucheka cha katikati. Bibi aliniita pembeni akaniuliza kama tumbo linaniuma.

"Haliumi, Bibi."

"Basi kuna nini, wajina? Umekuja nusu."

"Nimekuja mzima," nilimwambia, na nilikasirika kweli, kwa sababu kuwa mzima ndiyo kazi niliyokuwa naifanya.

Ilikuwa hukohuko Choma, nikiwa nimekaa karibu na moto wa Bibi, ndipo nilipouona mtama. Bibi alikuwa anakaanga mtama kwa ajili ya unga wa uji, anaugeuza kwa mwiko mfupi, na punje zilikuwa zinatoa ile harufu inayokuja kabla tu ya kuungua. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati kilichobonyea ubavuni. Mtama vikombe vitatu, karanga kikombe kimoja, ndivyo alivyopima tangu ujana wake, na Baba hakujua uji mwingine. Nyumbani Ipuli nako Mama alikuwa na unga wake, naye alipima kwa kopo la maziwa ya unga. Mahindi makopo matatu, mtama makopo mawili. Karanga Mama hakutia, aliona zinaleta mafuta na uji unalala vibaya.

Nilitazama ule mtama ukirukaruka kwenye chungu. Kwa Mama alikuwa mbili. Kwa Bibi alikuwa tatu. Nilimtambua mara moja. Alikuwa Shija, na alikuwa mimi.

Nilichora kwa kidole kwenye majivu. Mbili na tatu, kigawe kidogo cha shirika ni sita. Mtama uwe sita. Mahindi yatakua kuwa tisa. Karanga zitakua kuwa mbili. Niliandika 9:6:2, nikapiga mstari chini kama Mwalimu Kulwa. Na kwamba Mama alipima kwa kopo na Bibi kwa kikombe cha bati haikuwa shida hata kidogo, kwa sababu uwiano haujali ukubwa wa chombo, mradi usikibadilishe katikati ya kupima. Hilo lilinifariji kuliko yote. Nyumba ya Mama ilikuwa ndogo na boma la Baba lilikuwa kubwa, lakini kwenye mstari wangu ukubwa wa nyumba haukuulizwa.

Nilirudi Tabora na mfuko wa mtama na mfuko wa karanga, zawadi kutoka kwa Bibi. Mama alidhani nimeomba kwa uroho. Nilisubiri. Nilikuwa najiandaa kupokea kipaimara, na Baba alikuwa amesema atakuja.

Alikuja kweli, amevaa koti la marehemu babu, linalonukia moshi na dawa ya nondo. Alifikia kwa binamu yake Mtendeni, akaja kanisani, akasimama nyuma na wanaume. Mama alikaa mbele na wanawake. Nilipopita katikati na wenzangu, tumevaa nyeupe, niligeuka kuwatafuta wote wawili kwa jicho moja na sikuweza. Nikaambulia maumivu ya shingo. Baba aliniambia kesho asubuhi atapita nyumbani kutuaga kabla ya basi.

Alasiri ile Mama alipokuwa anawasindikiza wageni, mimi nilikaanga mtama, nikakaanga karanga, nikapima. Tisa, sita, mbili, kwa kopo la Mama. Nikajitwisha, nikaenda kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa mweupe kope na nyusi kwa unga. Alifungua mfuko akanusa.

"Karanga unataka nizimwage wapi?"

"Mwisho, shikamoo babu."

"Marahaba. Ukizimwaga peke yake zinakaba mashine, zinageuka kuwa matope. Zichanganye na mtama kwanza, mtama ndio unaozipitisha."

Nilichanganya kwa mikono yangu miwili. Ndani ya kile chumba unga ulikuwa umejaa hewani, mlango ulikuwa wazi, na jua la jioni lilipouingia ule unga kila kitu kikawa cha dhahabu na hakuna kilichokuwa na kona. Mashine ilikuwa inanguruma mpaka kifuani. Nakumbuka nilisimama pale nikawaza kwamba ndani ya ile ngurumo, sasa hivi, Ipuli na Choma zinaingia pamoja na hakuna mtu duniani atakayeweza kuzitenganisha tena. Nimewahi kuwa na furaha nyingine tangu siku ile, lakini ya namna ile, hapana.

Asubuhi Baba alikuja. Niliupika mwenyewe. Nilikoroga unga na maji baridi kwanza, usije ukafanya mabuje, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Mama alitaka kunisaidia nikamkatalia. Niliwawekea vikombe viwili mkekani, kimoja huku na kimoja huku, nikakaa katikati.

Baba alipuliza, akanywa. Akakitazama kikombe. Akanywa tena.

"Mama Minza," alisema, "huu ni uji wa nani?"

"Kapika mwanao. Sijui kaweka nini."

"Huu ni uji wa mama yangu." Alinywa tena. "Hapana. Ni wako. Mahindi haya ni yako."

Mama naye alionja. Nilimtazama kinywani kama paka. Alikuwa hataki kucheka, lakini tabasamu lilimponyoka. "Kaweka karanga," alisema. "Baba Agnes, kumbe karanga zikiwa chache si mbaya."

"Miaka yote nilikuambia."

"Hukuniambia chache."

Wakacheka. Sikumbuki kuwasikia wakicheka pamoja kabla ya hapo, na sikuwasikia baadaye. Kilikuwa kicheko kifupi, cha asubuhi, na kuku walikuwa wanapita. Baba akasema, "Mama Minza, nina neno," na Mama akaniambia nikaoshe vikombe.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, sikuosha kitu. Nilichungulia. Waliongea kwa sauti ya chini, wameinamisha vichwa. Baba alikuwa anazungusha kofia mikononi. Mama alitikisa kichwa kukubali, mara moja, polepole, kisha akanyanyuka akaingia ndani. Nilimwona akichukua ndoo nyeupe aliyoipata kwa fundi wa rangi, mpya bado, akamimina unga wote uliobaki mle ndani. Mfuniko wa buluu aliuegemeza kwenye pasi ya mkaa bila kuangalia, na hiyo pasi ilikuwa ya moto. Plastiki ikanuka. Aliurukia, akautoa, akaufunga hivyohivyo na alama yake. Mama hakuwa mtu wa kusahau pasi.

Mimi nilielewa. Mtu hapakii unga wote kama hahami. Nilikimbia chumbani nikatoa begi langu la Choma, nikaweka gauni jeupe la kipaimara, daftari la hesabu, mswaki wangu na mswaki wa Mama. Nilitaka kuweka na mkasi wake wa kushonea, nikaona atauchukua mwenyewe. Nilivaa soksi. Nilipotoka na begi, uani hakuwepo mtu. Baba alikuwa amefika kwenye kona ya njia, juu ya baiskeli ya binamu yake, ndoo imefungwa nyuma kwenye kiti, pale ninapokaaga mimi.

Nilinyoosha mkono juu kumsimamisha. Aligeuka, akaniona. Akadhani nampungia, naye akanipungia, kwa furaha, mkono mzima. Kisha kona ikammeza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

"Agnes, begi la nini?"

"Tunaenda Choma."

"Nani kakwambia tunaenda Choma?"

"Si umepakia unga."

Alishuka akakaa kwenye kizingiti. Alinivuta, begi likiwa katikati yetu. "Unga ni zawadi, mwanangu. Baba yako ameupenda, nikampa." Alivuta pumzi. "Baba yako ameoa. Amekuja kuniambia mwenyewe ili nisisikie kwa watu. Kafanya vizuri."

"Lakini mimi nimeshakuwa sawa," nilisema.

"Sawa nini?"

"Sawa huku na kule! Sita na sita!" Nilikuwa napiga kelele. "Nimepiga magoti, nimevaa soksi, nimecheka cha katikati, sasa mnataka niwe ngapi?"

Mama hakuelewa hata neno moja, na angewezaje? Lakini alilielewa lile lililokuwa chini ya maneno, kwa sababu alianza kulia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia, nikaacha kulia mimi ili nimtazame. Tulikaa pale mpaka jua likahamia miguuni kwetu. Kisha alinivua soksi, moja, halafu nyingine, akaziweka mfukoni mwake.

Shuleni nilimfuata Mwalimu Kulwa baada ya kipindi. Nilimwonyesha kwenye daftari, 9:6:2. Nikamuuliza zile nukta za katikati zinatoka lini.

"Nukta gani?"

"Hizi. Wakishakaa mstari mmoja, nukta zinatoka lini?"

Alikuna kichwa, akakipaka chaki. "Hazitoki, Agnes. Ukizitoa itakuwa mia tisa sitini na mbili. Sasa hiyo ni nini? Hutajua tena nani ni nani." Alinitazama, nadhani aliona kitu usoni kwangu, maana aliongeza kwa upole, "Kukaa mstari mmoja si kuwa namba moja. Ni kujulikana tu kila mmoja yupo wapi kwa mwenzake." Sikumshukuru. Nilimwona mtu wa ovyo sana, yeye na nukta zake.

Nilirudi kwenye kucheka kidogo Ipuli na kucheka sana Choma. Niliendelea kwenda, na likizo iliyofuata Baba aliniuliza ule unga niliupimaje, nikamtajia namba kwa kununa. Mke wa Baba, ninayemwita Mama Mdogo, alinipokea vizuri, nami nilimnunia mpaka nilipochoka, ila uji wake sikuwahi kuonja wala jikoni kwake kuingia. Nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikazaa. Bibi alifariki akiwa bado ananidai jina lake. Mama hakuolewa tena. Unga wangu sikuupika tena hata siku moja, na Mama hakuniuliza kwa nini.

Kisha Baba akafariki. Alitoka hospitali akiwa ndani ya jeneza, tukafika naye Choma jioni, na Mama alikuja na mimi. Hakuna aliyemwomba. Alifunga kitenge, akaniambia twende. Wanawake walitandika mikeka, Mama akapewa nafasi yake ukutani kama ndugu wengine, akalala katika nyumba ya Baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Baba alikuwa sebuleni, amezungukwa na taa na wazee, akisubiri maziko ya mchana.

Asubuhi Mama Mdogo aliwapikia waombolezaji uji. Sufuria lilikuwa kubwa, nikaenda kumsaidia kugawa. Mle jikoni kwenye moshi niliiona ndoo, iliyopauka, mfuniko wa buluu una alama ya kuungua. Niliishika ile alama kwa kidole. Nilibeba sufuria dogo nikaanza na watu wa mikekani, nikamjazia Mama kikombe.

Mama alipuliza, akanywa. Akakitazama kikombe.

"Huu unga," alimwambia Mama Mdogo, "nani kapima?"

"Mimi, dada." Mama Mdogo alifuta mikono kwenye khanga. "Marehemu ndiye alinifundisha nilipoingia tu humu ndani. Mahindi tisa, mtama sita, karanga mbili. Ukikosea anajua. Alisema hii ndiyo hesabu ya Minza, na uji mwingine asiwekewe."

Mama alikishika kikombe kwa mikono miwili, macho ameyaelekeza kwenye mlango wa sebule ambako jeneza lilikuwa linaonekana pembe yake, na mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, sufuria mkononi. Baba upande ule. Mama upande huu. Nilikuwa nimeomba nyumba moja, sikuwa nimetaja lini. Nilisikia wanaume nje wakishusha majembe, na nikajua kwamba saa hii ndiyo yote niliyopewa, na kwamba kwa miaka yote ile, kila asubuhi, Baba alikuwa ameketi na uji wangu mezani peke yake na hakuniambia.

"Agnes," Mama aliita, kisha akasita. Akaanza upya, kwa lile jina ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Minza," alisema, akaninyooshea kikombe. "Niongeze."